Boti Yako ya Kwanza ya Mashine: Mwongozo wa Kwenda na Kurudi

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wahenga walikuwa na maana yao, lakini wewe mwenye boti mpya uchukue msemo huu kama ulivyo. Kabla hujatamba mbele na nyuma ya chombo, inama utazame ngama. Kuna maji? Yameingilia wapi? Yana mng'ao wa mafuta juu? Ukiizoea tabia hiyo moja, umeshajifunza nusu ya kazi.

Nusu ya pili ni kujua kungoja. Nahodha wa ngalawa hakuwa na hiari: alingoja upepo ugeuke na maji yajae, na akiwa anangoja alipata muda wa kutazama mawingu, kukaza kamba na kuuliza waliotoka baharini alfajiri. Mashine imetuondolea kungoja huko. Boti ya faiba ya futi 20 yenye mashine ya hosipawa 40 na watu wachache ndani inaweza kukimbia noti 20, yaani kilomita 37 kwa saa. Kwa nusu saa umeshafika kilomita 18 kutoka ufukweni. Mashine ikizimika hapo umebaki na kasia, na kwa kasia boti nzito ya faiba haifiki hata noti mbili. Kuna milango ya bahari ambamo mkondo wa bamvua una kasi kuliko hiyo.

Mwongozo huu ni wa boti ndogo za faiba, futi 16 hadi 25, zenye mashine ya kufungwa nyuma, katika mwambao wetu kuanzia Lamu hadi Mtwara pamoja na Unguja, Pemba na Mafia.

1. KABLA HUJATOA PESA

Boti ya mkononi huuzwa ikiwa imepakwa rangi mpya, na rangi hufunika mengi. Usinunue boti iliyoko majini kabla ya kuiona ikiwa juu ya mchanga. Nenda na fundi wako, si wa muuzaji, kisha fuateni hatua hizi:

1. Gonga. Chukua mpini wa nyundo ugonge boti nzima, hasa kibao cha tezi kinachobeba mashine. Faiba nzima hulia kwa mlio mkavu. Mlio wa kudidimia, kama unagonga gunia, ni dalili kwamba mbao za ndani zimelowa na kuoza.
2. Tikisa mashine. Inyanyue nusu, shika mguu wake chini karibu na rafadha, isukume juu na chini. Kibao cha tezi kikicheza, au nyufa zilizoko pembeni mwa boliti zikifunguka na kufunga, acha boti hiyo.
3. Fungua oili ya gia. Legeza skrubu ya chini ya geaboksi, achia matone machache kidoleni. Oili nzima ni nyororo na inapitisha mwanga. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji ya bahari yameingia na sili zimekufa.
4. Pima kompresheni. Fundi apime kila silinda. Namba zikipishana zaidi ya asilimia 10 hivi, uliza sababu kabla ya kuuliza bei.
5. Iwashe ikiwa baridi. Fika bila kutangaza saa, gusa mashine. Ukiikuta na joto, imeshawashwa ili ikupokee vizuri.
6. Linganisha namba. Namba ya mashine iliyoko kwenye bamba ifanane na ya karatasi. Bamba likiwa limekwanguliwa, ondoka. Mashine huibwa sana ufukweni, nawe hutaki kununua kesi.

*Onyo kwa waliozoea vyombo vya mbao:* boti ya faiba haichomwi. Moto wa makuti unaoua wadudu kwenye mashua utaiharibu faiba. Ukoga na vigamba vya bahari viondolewe kwa brashi na maji, kisha ipakwe rangi maalumu ya chini ya maji.

2. KARATASI

Boti ndogo nayo ni chombo cha majini mbele ya sheria. Tanzania Bara usajili na ukaguzi wa usalama uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli (TASAC), Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini (ZMA), na Kenya ni Mamlaka ya Bahari (KMA). Ukifika ofisini, uliza mambo matatu: usajili wa chombo, cheti cha ukaguzi, na sifa anazotakiwa kuwa nazo mwendeshaji. Ukitaka kuvua au kubeba abiria kwa nauli, kuna leseni nyingine juu ya hizo. Uliza pia idadi ya watu ambayo boti yako imeruhusiwa, uiandike kwa rangi mahali ambapo kila anayepanda ataiona. Siku ya sherehe, shemeji na marafiki wakijazana ufukweni, rangi hiyo itasema "hapana" kwa niaba yako.

3. MASHINE NA MAFUTA YAKE

Mashine nyingi za ufukweni bado ni za tustroki, zile zinazochanganyiwa oili kwenye petroli. Hazina sampu ya oili kama gari: oili iliyomo ndani ya petroli ndiyo inayolainisha pistoni. Ukiisahau, mashine itakamata katikati ya safari. Ukizidisha, plagi zitajaa masizi na moshi utakufuata hadi bandarini.

| Petroli | Oili, mashine iliyozoea (50 kwa 1) | Oili, mashine mpya (25 kwa 1) |
|---|---|---|
| Lita 10 | Mililita 200 | Mililita 400 |
| Lita 20 | Mililita 400 | Mililita 800 |
| Lita 25 | Mililita 500 | Lita 1 |

Hivi ndivyo vipimo vya kawaida. Kitabu cha mashine yako kikisema vingine, fuata kitabu. Mashine mpya hubembelezwa kwa saa 10 za mwanzo: usiifungue mafuta yote, wala usiiendeshe kwa mwendo mmoja muda mrefu. Oili iwe ya mashine za boti, yenye alama ya TC-W3. Oili ya gari au ya pikipiki ya fostroki haifanyi kazi hiyo hata ikiwa ghali.

Petroli ya kununua kwenye madumu hushukiwa kwanza, hutumiwa baadaye. Mimina kidogo kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa, iache itulie dakika tano, kisha inyanyue kwenye jua. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini na mpaka wake huonekana kama mstari. Ukiuona mstari huo, mafuta hayo yasiingie kwenye tangi lako.

Kanuni ya mafungu matatu. Mashine ya 40 ya tustroki ikifunguliwa mafuta yote hula takriban lita 15 hadi 20 kwa saa. Gawa mafuta yako mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la akiba. Kurudi kunaweza kuwa dhidi ya upepo na mkondo, na lita zilizokupeleka huenda zisitoshe kukurudisha. Fungu la tatu si la kuongeza matembezi.

4. ISOME BAHARI

Upepo. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kusi huanza baada ya masika na hupata nguvu Juni na Julai. Kati yao kuna vipindi vya matlai, bahari ikiwa tulivu zaidi. Anayejifunza aanze vipindi hivyo. Asubuhi mara nyingi huwa shwari na upepo huongezeka mchana, basi panga kwenda mapema na kurudi mapema. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha muulize mvuvi aliyerudi alfajiri. Wakitofautiana, mwamini anayesema usiende.

Maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, takriban saa sita kutoka kujaa hadi kupwa, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua, na tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika pwani ya Dar es Salaam na Unguja hufika mita 3 hadi 4. Katikati yake ni maji mafu, tofauti ikiwa ndogo. Siku za bamvua katika Unguja maji hukauka kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Ndio wakati wakulima wa mwani wa Paje wako mashambani mwao. Ulipopita saa moja asubuhi ukielea, saa nne patakuwa na mtu amesimama ana kisu na kamba. Nunua jedwali la maji ya mwaka, ulisome kabla ya kulipa deni la mwamba.

Mwamba. Rangi ya maji ndiyo ramani yako ya kwanza. Buluu iliyokolea ni kina. Kijani hafifu ni mchanga na maji machache. Kahawia au hudhurungi ni matumbawe au majani. Rangi hizi husomeka jua likiwa juu au mgongoni mwako. Likiwa usoni, bahari yote huwa kioo na mwamba hauonekani. Kwa hiyo mlango usioujua usiuingie jioni ukielekea magharibi.

Na usitupe nanga juu ya matumbawe. Penye maboya ya kufungia, kama katika hifadhi za bahari, funga hapo. Pasipo na boya, tafuta mchanga. Nanga hushika kwa kuvutwa ikiwa imelala, si kwa kuning'inia, ndiyo maana amari huachwa ndefu: mara tano hadi saba ya kina cha maji. Kina cha mita 5 kinataka mita 25 hadi 35 za kamba, na kipande cha mnyororo karibu na nanga.

5. SIKU YA SAFARI: HATUA KUMI

1. Kaza kizibo cha tundu la maji kwenye tezi. Kikague kwa mkono, si kwa macho. Hakuna mwenye boti asiyewahi kukisahau.
2. Tazama ngama, fua maji yote.
3. Kagua mpira wa mafuta: hauna ufa, haunuki, haujalowa.
4. Fungua hewa ya tangi, kamua kibofu cha mafuta hadi kiwe kigumu.
5. Hesabu jaketi okozi: moja kwa kila kichwa, la mtoto liwe la saizi ya mtoto. Zivaliwe, zisikaliwe.
6. Gawa mizigo na watu sawasawa. Omo ikizama sana boti hubeba maji, tezi ikizama sana mawimbi huingia nyuma.
7. Mwambie mtu wa nchi kavu: tunakwenda wapi, tuko wangapi, tunarudi saa ngapi, na ikifika saa fulani hujatuona piga simu.
8. Funga kamba ya kuzimia mashine kwenye mkono au mguu wako. Ukianguka, mashine izimike. Bila kamba hiyo boti huzunguka na rafadha yake humrudia aliyeanguka.
9. Washa, kisha tazama mchirizi wa maji unaotoka nyuma ya mashine. Usipotoka, zima mara moja: pampu haipozi mashine.
10. Endesha polepole dakika chache karibu na ufukwe, jaribu gia ya mbele na ya nyuma. Hitilafu ikitaka kujitokeza, ijitokeze pale ambapo unaweza kushuka na kutembea.

6. NJIA NA ADABU ZAKE

Sheria za kuepuka kugongana baharini ni za kimataifa, na chache zinakutosha kuanzia:

- Mkikutana uso kwa uso, kila mmoja apinde kulia.
- Mkikatana njia, mwenye chombo upande wako wa kulia ana haki. Mpishe, upite nyuma yake.
- Anayempita mwenziwe ndiye anayejihadhari.
- Wewe mwenye mashine mpishe mwenye tanga na aliyetega nyavu. Ngalawa haina breki wala gia ya nyuma.
- Ukiingia bandarini kutoka baharini, boya jekundu liwe kushoto, la kijani liwe kulia.
- Kaa mbali na meli. Haiwezi kusimama kwa ajili yako, na huenda nahodha wake hakuoni.

Usiku, taa yako nyekundu iwe kushoto, kijani kulia, na nyeupe ionekane. Lakini ngalawa nyingi hazina taa. Kwa mwaka wako wa kwanza, kuwa ufukweni kabla ya magharibi.

Kwenye mawimbi makubwa punguza mafuta na uyaendee kwa pembeni kidogo, si kwa ubavu. Wimbi likija kutoka nyuma unapoingia mlangoni, usilipite ukatumbukia mbele yake: kaa nyuma ya mgongo wa wimbi moja, uende nalo.

7. MAMBO YAKIENDA MRAMA

> Mashine imezimika
>
> Nanga kwanza, spana baadaye. Kila dakika unayopekua plagi, mkondo unakuchukua. Pakiwa na kina kirefu, unganisha kamba. Nanga isipofika chini, funga ndoo kwa kamba kwenye omo uitupe majini, itavuta na kuiweka omo ielekee mawimbi. Kisha, kwa mpangilio: kamba ya kuzimia imechomoka? Hewa ya tangi imefungwa? Mpira umeachia au umekanyagwa? Filta ina maji? Plagi zimelowa? Nyingi huishia hapa. Zisipoishia, omba msaada kungali mchana.

> Mtu ameanguka
>
> Piga kelele, mtupie kitu kinachoelea, na mtu mmoja amwelekezee kidole bila kumwachia macho. Pinda upande alioangukia ili tezi imwepuke. Mrudie polepole ukielekea upepo, na uzime mashine kabisa kabla ya kumshika. Nyutro haitoshi.

> Boti imepinduka
>
> Ishikilieni. Faiba iliyopinduka mara nyingi huelea, na huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu. Ufukwe huonekana karibu kuliko ulivyo, na mwogeleaji hodari akishaondoka huwa mtu wa pili wa kutafutwa.

Ukiwa na redio ya VHF, chaneli 16 ndiyo ya dharura: sema "Mayday" mara tatu, jina la boti, mahali ulipo, tatizo na idadi ya watu. Simu iwe imejaa chaji, ndani ya mfuko usioingiza maji, na namba za mtu wa nchi kavu, polisi wanamaji na wavuvi wawili wa ufukwe wako ziwe zimeandikwa pia kwenye karatasi.

8. UKIRUDI

Chumvi hufanya kazi yake umelala. Kila safari, hata ya dakika kumi:

1. Tumbukiza mguu wa mashine kwenye pipa la maji baridi hadi juu ya matundu ya kunyonyea, uiwashe taratibu dakika 10. Maji yanayotoka yatakuwa na ladha ya chumvi mwanzoni, kisha hayatakuwa nayo.
2. Usiiwashe nchi kavu bila maji hata kidogo. Impela ya pampu ni ya mpira, ikizunguka kavu huungua.
3. Osha nje, kausha, pulizia mafuta ya kuzuia kutu kwenye nyaya na boliti.
4. Tazama zinki, kile kipande cha madini kilichofungwa mguuni. Huliwa na maji ili mashine isiliwe. Kikibaki nusu, badilisha, na usikipake rangi.
5. Chomoa kizibo boti ikiwa mchangani, mvua isiigeuze beseni.
6. Peleka mashine nyumbani, au ifunge kwa mnyororo na kufuli.

Anzisha daftari la saa za mashine. Baada ya saa 20 za mwanzo ipeleke kwa fundi, kisha kila saa 100 au miezi sita: oili ya gia, plagi, filta, impela.

MAKOSA YA WANAOANZA

- Kununua mashine kubwa kuliko kibao cha tezi kinavyostahimili.
- Kuacha nanga nyumbani kwa sababu "tunakwenda karibu".
- Kuvuta sigara na kujaza tangi ndani ya boti. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hujikusanya ngamani. Tangi lijazwe ufukweni.
- Kufunga boti wakati wa maji kujaa bila kujua itakaa wapi yakipwa.
- Kunywa pombe kisha kushika mkono wa mashine.
- Kujifunza peke yako. Safari kumi za kwanza mlipe nahodha wa ufukwe wako akae kando yako, wewe ukiendesha.

ORODHA YA KUBANDIKA NDANI YA BOTI

☐ Kizibo  ☐ Upo au ndoo ya kufulia maji  ☐ Mafungu matatu ya mafuta  ☐ Jaketi kwa kila mtu  ☐ Kamba ya kuzimia na ya akiba  ☐ Nanga, mnyororo, amari  ☐ Makasia mawili  ☐ Plagi, spana, kamba ya kuwashia, rafadha na pini ya akiba  ☐ Kisu, tochi, filimbi  ☐ Maji ya kunywa  ☐ Simu au redio  ☐ Mtu wa nchi kavu ameambiwa

Kisanduku kimoja kikibaki bila alama, leo husafiri. Kesho maji yatajaa tena, dakika 50 hivi baadaye kuliko leo.